Gari la Wagonjwa Linamsubiri Mgeni Rasmi

Ukija nchini kwetu, kwanza kabisa usiguse kitu kipya. Ukiona bomba la maji linang'aa, lipite. Ukiona choo cha stendi kimepakwa rangi na mlangoni kuna utepe mwekundu, vumilia, nenda nyuma yake kama wenzako. Si kwamba choo ni kibovu. Hakijazinduliwa tu. Na kwetu, kitu ambacho mgeni rasmi hajakikatia utepe, akapigiwa makofi, akapewa kinyago na kula kuku, kitu hicho kisheria hakipo. Unaweza kujikwaa nacho ukang'oka ukucha, lakini hakipo.

Wageni hutucheka. Wacheke. Kila nchi ina mila zake, na yetu angalau ina pilau.

Mimi ni mpishi mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana hapa Mkungulu. Nina stashahada ya sayansi kimu na sina muda wa kuzunguka maneno. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nina ugomvi na Serikali. Sina. Nilikuwa na binti mjamzito, basi.

Siwema ni kifungua mimba wangu. Mumewe anafanya kazi mgodini, kwa hiyo mimba ile ilikuwa kwangu. Ilipokaribia kutimia, Sista Egidia, mkunga wa kituo chetu cha afya, alimpapasa tumbo, akampapasa tena, kisha akaniita pembeni.

"Mama Siwema, sikufichi. Mtoto amelala kwa kukingama. Kichwa kiko ubavuni huku, miguu kule. Asipogeuka, hapa hazaliwi. Ni upasuaji, na upasuaji uko hospitali ya mkoa. Uchungu ukianza tu, gari, barabara, mkoani. Usije ukaniletea habari za bodaboda."

"Na gari liko wapi?"

Akanielekeza dirishani. Uani, chini ya turubai la bluu, palikuwa na gari jipya la wagonjwa. Utepe umefungwa kutoka kioo cha kulia hadi kwenye mti wa bendera, na kutoka kioo cha kushoto hadi kwenye tangi la maji. Vitini mlikuwa bado mna nailoni.

"Lile pale," akasema Sista Egidia. "Lakini halipo."

*

Niwaeleze gari lilivyokuja, maana si gari la hivi hivi.

Sisi tuna Wizara ya Mambo ya Kisasa. Inashughulikia mambo matatu: roketi, magari yasiyotumia petroli, na kompyuta. Watu wachache wenye elimu waliwahi kuuliza kwa nini vitu hivyo vitatu viwe chini ya paa moja. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Barakaeli Nyambuka, akajibu bungeni kwamba vyote vina taa ndogo zinazowaka na kuzimika. Bunge likaridhika.

Roketi yetu ni nzuri. Iko uwanja wa mpira wa mji mkuu, imesimama nyuma ya goli la kaskazini. Imeshazinduliwa mara tatu na bado haijaruka. Wenye midomo wakasema ni ya mabati. Wizara ikatoa ufafanuzi: kuzindua ni kazi ya Wizara, kuruka ni utekelezaji, na utekelezaji uko wizara nyingine.

Kompyuta nazo tumepata. Kituo chetu kilipewa moja, ikawekwa mapokezi, imevaa nailoni kuanzia kioo hadi kipanya, na utepe umefungwa fundo la kipepeo. Walioileta walituambia ina kumbukumbu kubwa kuliko ofisi yote ya wilaya. Mhudumu huipangusa vumbi kila asubuhi, anaiwekea maua ya plastiki juu, halafu anachukua kalamu na kuandika wagonjwa kwenye karatasi, pembeni yake, kwa heshima.

Na gari letu la wagonjwa ndiyo fahari yenyewe. Halitumii petroli wala dizeli. Linatumia mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi, samaki na chipsi. Ndiyo maana Wizara ilitupitia wapishi wote wa wilaya na kuchukua madebe yetu. Gari lilifika likiwa limebebwa juu ya lori la dizeli, kwa sababu kisheria lilikuwa bado haliwezi kutembea.

Angekuja mgeni rasmi wiki ileile, nisingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini hapo ndipo Wizara ilipogundua kasoro ya mwezi.

Ilikuwa hivi. Wakiwa wanaandaa safari ya roketi, ofisa mmoja mwangalifu aliuliza: huko tuendako, nani alikuzindua? Wakatafuta. Wakapekua makumbusho ya taifa, wakauliza mabalozi, wakaandikia nchi jirani. Hakuna popote penye picha ya mtu yeyote akiukatia mwezi utepe. Maana yake taifa zima lilikuwa likitumia mbalamwezi tangu enzi za mababu bila mwezi kuzinduliwa. Mheshimiwa Nyambuka alipoambiwa, inasemekana alikaa chini.

Uzinduzi mwingine wote ukasimamishwa mpaka suala la mwezi liamuliwe: mgeni rasmi awe wa ngazi gani, utepe uwe wa urefu gani, na kuku ataliwa upande upi. Migambo wakapita mitaani kuwaomba wananchi wasianue nguo kwa mwanga wa mwezi hadi hapo watakapotangaziwa. Watu wakatii. Waliokuwa na nguo kamba nzima wakatii kwa kunung'unika.

Na ili isije ikasemwa kwamba Serikali haisikilizi, ikaundwa Kamati ya Kukusanya Maoni.

*

Kamati ilifika kituoni siku ya kliniki, tukiwa tumejipanga kwenye benchi na matumbo yetu. Nasema yetu, langu ni la kula tu. Alikuja mjumbe mmoja, ana tai na kinasa sauti, akaanzia mwanzo wa benchi kwa Mama Kulwa, muuza dagaa.

"Mama, una maoni gani kuhusu safari za anga za juu?"

"Huko juu kuna maji?"

"Wataalamu bado wanatafuta."

"Hata hapa Mkungulu bado wanatafuta. Si waanzie hapa, wakishazoea ndiyo waende huko?"

Benchi likacheka. Mjumbe akasema asante, maoni yamepokelewa, akamgeukia Bi Mwanahawa aliyemsindikiza mkwewe.

"Mimi sitaki hata kusikia," akasema Bi Mwanahawa. "Mume wangu namtuma kiberiti dukani hapo, anarudi jioni, eti alipata dharura. Mtu huyo mkimpeleka mwezini, mimi si nimeshaachika?"

"Atakuwa kwenye mtambo, Bi mkubwa. Hataweza kushuka njiani."

"Humjui."

Mjumbe akahamia magari. Akauliza wananchi wanayapokeaje magari ya nishati mbadala.

"Lile la maandazi?" akadakia Mama Kulwa. "Naliunga mkono kabisa. Ila likipita mtaani kwangu, watoto wakianza kulilia chakula, nani atawapa? Dereva?"

"Na wakati wa mfungo?" akauliza Bi Mwanahawa. "Mtu una swaumu yako, linakupita gari linanukia sambusa. Huo si uchokozi?"

"Na vifaa vya kompyuta?"

"Ile iliyovaa nailoni?" Mama Kulwa akaitupia jicho. "Ina adabu sana. Tangu ije haijamjibu mtu vibaya. Lakini si mnasema ina kumbukumbu? Basi iulizeni nani aliondoka na sufuria langu kubwa kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti, maana nimewauliza watu hapa, kila mmoja amesahau."

Mjumbe akanifikia mimi.

"Maoni yangu," nikamwambia, "ni kwamba lile gari uani lifunguliwe utepe leo. Binti yangu huyu hapa, mtoto amekingama, na siku zake zimekaribia."

Akazima kinasa sauti.

"Mama, hilo si maoni. Hilo ni ombi. Maombi ni dirisha jingine."

"Liko wapi hilo dirisha?"

"Limejengwa tayari, tena la kisasa," akasema. "Linasubiri kuzinduliwa."

Matokeo yalisomwa redioni wiki iliyofuata. Wananchi walio wengi wanaunga mkono safari za anga, hususan wanawake, ambao wako tayari kuwaruhusu waume zao. Suala la mwezi likapelekwa ngazi ya juu zaidi, ambayo sijui ni ipi, na uzinduzi wa vitu vya duniani ukaruhusiwa kuendelea. Wa kwanza, gari la wagonjwa la Mkungulu. Jumamosi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri mwenyewe.

Nilimshukuru Mungu. Nikamwambia Siwema, "Bana miguu hadi Jumamosi jioni, mwanangu."

"Mama, haibanwi hivyo."

"Najua. Jaribu."

*

Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi.

Tulimkokota hadi kituoni, mimi bega moja na jirani bega jingine. Kituo hakikuwa kituo tena. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa, nyasi zimefyekwa, mahema yamesimama, viti vya meza kuu vimevalishwa vitambaa vyeupe vyenye mafundo nyuma kama bibi harusi. Bendi ya polisi inapasha matarumbeta. Sista Egidia alimlaza Siwema wodini, akampima, akatoka akifuta mikono.

"Hajageuka. Twende sasa hivi, Mama Siwema, tukiwa bado na nafasi."

Nikamfuata dereva, Makwaiya. Alikuwa amevaa glavu nyeupe, amekaa kwenye kigoda kando ya gari. Ndani alikuwa hajaruhusiwa kuingia.

"Makwaiya, leta funguo."

"Shikamoo, Mama Siwema. Funguo ziko juu ya mto wa mahameli, pamoja na mkasi. Na hata zingekuwa mfukoni mwangu..." Akatikisa kichwa. "Umesikia habari za yule dereva wa trekta wilaya ya jirani? Mvua zilianza, mgeni rasmi hajafika, yeye akaona huruma akalima. Mahindi yakaota, yakafika magotini. Ikaletwa barua kwamba shamba lile halikulimwa. Wenyewe wakakatazwa kuvuna, utavunaje kitu ambacho hakikulimwa? Na yeye mpaka leo kazi yake ni kulisukuma lile trekta kwa mikono, asubuhi kulitoa juani, jioni kulirudisha."

Nikamwacha, nikaenda kwa mwenye shughuli. Alikuwa Bwana Mwombeki, Afisa Itifaki wa Wizara, mtu mwembamba mwenye suti nzito. Nikamweleza kwa ufupi: binti, mtoto, kukingama, mkoani, sasa.

"Pole sana, mama yangu," akasema, na nadhani alimaanisha. "Lakini gari likienda likarudi, litakuwa limetumika. Nitampaje Mheshimiwa kitu kilichotumika akizindue? Ni kama kumwekea mgeni kuku aliyekwisha kung'atwa."

"Mheshimiwa atafika saa ngapi?"

"Yuko njiani." Kwetu jibu hilo maana yake bado anaoga. "Akifika, kuna ngoma, kwaya, risala ya watumishi, maelezo ya kitaalamu kuhusu gari, salamu za wenye madebe ya mafuta, hotuba, halafu utepe. Binti asubiri kidogo."

"Mtoto hana ratiba."

"Hilo ndilo tatizo kubwa la wananchi wetu," akasema kwa huzuni.

Nikatafuta njia nyingine. Niliona machela imeshawekwa ndani ya gari. "Basi nani atalala pale wakati wa kuonyesha? Mwekeni Siwema. Utepe ukikatwa tu, gari liondoke naye."

"Mgonjwa wa mfano tunaye."

Alikuwa tayari amelazwa humo. Alikuwa Tungaraza, kipa wa timu ya wilaya, kijana wa miraba minne. Kichwa kimezungushiwa bandeji, mkononi amebandikwa mpira wa dripu. Amefanyishwa mazoezi wiki nzima.

"Huyu ana afya kuliko gari," nikasema.

"Ndiyo sababu tumemchagua. Binti yako, samahani, analia. Mgonjwa wa mfano anatabasamu." Akagonga kioo. Tungaraza akatabasamu.

*

Mheshimiwa alifika jua likiwa utosini, kwa msafara wa magari ya petroli. Alivaa suti yenye nembo ya roketi kifuani. Ngoma zikapigwa. Kwaya ikaimba wimbo wa beti nyingi kuhusu mafuta ya kukaangia, kiitikio kinasema *yalikaanga jana, yanaokoa leo*. Muuguzi aliyesoma risala alimpongeza Mheshimiwa kwa afya njema aliyonayo. Mimi nilikuwa nakwenda wodini narudi, nakwenda narudi, na kila nikirudi nakuta wanapeana nafasi.

Mwishowe Mheshimiwa akasimama.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza, na hema zima likashusha pumzi. "Ndugu wananchi wa Mkungulu! Kuna watu wanauliza, roketi inatusaidia nini? Nawajibu leo, mbele ya gari hili. Mtu aliyekwenda mkoani kwa mafuta ya maandazi, kesho atashindwaje kwenda mwezini kwa mafuta ya samaki?"

Makofi.

"Ndani ya gari hili mna kompyuta. Kompyuta hiyo inajua mafuta yamebaki kiasi gani, tairi ina upepo kiasi gani, na mgonjwa yuko upande gani. Wakoloni walikuwa na kompyuta hiyo? Hawakuwa nayo! Walitutawala kwa kukisia tu!"

Makofi zaidi. Hapo Siwema alipiga ukelele kutoka wodini. Ulikuwa ukelele wa kupasua bati. Mshereheshaji akakimbilia kipaza sauti kingine: "Tunaomba utulivu upande wa wodi."

Mheshimiwa akainua mkono, akamzuia kwa upole. "Waacheni. Hizo ni sauti za furaha. Wananchi wanapoona maendeleo hawawezi kujizuia."

Akaendelea. Akaeleza maana ya nishati. Akaeleza maana ya mbadala. Alipofika kwenye historia ya gurudumu, Sista Egidia alitoka wodini akiwa na damu kwenye aproni. Hakukimbia. Watu wa kazi ile hawakimbii mbele za watu. Alinishika mkono, akanong'ona.

"Chupa imevunjika. Mkono wa mtoto umetangulia. Mimi hapa sina la kufanya tena, Mama Siwema. Mama na mtoto wakikaa humo nusu saa nyingine, nitakupa mmoja, au sitakupa hata mmoja."

Nilipita katikati ya viti. Binti wa skauti alikuwa amesimama mbele ya gari na mto wa mahameli mikononi. Nikachukua mkasi. Ulikuwa mkasi wa dhahabu, mwepesi, mkasi wa watu wasiokata kitu. Nikakata utepe wa kulia. Nikazunguka, nikakata wa kushoto.

Halafu watu wakapiga makofi.

Msiwalaumu. Walikuwa wamefundishwa tangu asubuhi: utepe ukikatika, piga makofi. Bendi nayo ilikuwa imefundishwa hivyo hivyo, ikapiga. Wapiga picha wakapiga. Bwana Mwombeki ndiye peke yake aliyeshika kichwa, akakimbilia meza kuu alikokuwa Mwanasheria wa Wizara, wakainamiana.

"Akamatwe!" nikasikia Mheshimiwa akisema.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," akasema Mwanasheria, jasho likimtoka. "Sheria ya Uzinduzi inasema mgeni rasmi ni yule akataye utepe. Haisemi aliyealikwa. Utakumbuka Waziri aliyekutangulia alivyoshikwa na tumbo la kuhara siku ya soko la samaki, utepe ukakatwa na dereva wake. Ilibidi sheria iandikwe upya ili soko liwepo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, kisheria, mgeni rasmi ni huyu mama. Na wewe, Mheshimiwa, umeketi wakati mgeni rasmi amesimama."

Mheshimiwa akaruka kitini kama kina pilipili. Mtu anayeishi kwa itifaki hawezi kuivunja, hata ikimgeuka. Alipoona wengine wote wanapiga makofi, naye akaanza. Alikuwa nyuma kidogo ya wenzake. Inaelekea kupiga makofi ni kazi aliyoiacha siku nyingi.

Bwana Mwombeki akaja kwangu, ameinama mpaka tai inagusa magoti, ananipa kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba hotuba."

Nikakishika. "Makwaiya," nikasema, "washa gari. Wewe uliyelala humo, shuka."

Makofi hayo sijawahi kuyasikia tena.

Makwaiya alichukua funguo kwenye ule mto wa mahameli, akarukia usukani. Lakini Tungaraza hakushuka. Alikuwa bado anatabasamu kama alivyofundishwa, macho tu ndiyo yanahangaika.

"Mama," akasema kwa pembe ya mdomo, "mimi naruhusiwa kupona?"

"Umepona. Shuka."

Akashuka, na bandeji zake na dripu yake, na huyo kijana Mungu ambariki, hakungoja kutumwa. Aliingia wodini moja kwa moja, akamnyanyua Siwema kitandani kama anavyodaka krosi, akamtoa nje mbio Sista Egidia akimwelekeza, "Taratibu kona, taratibu kona." Akamweka kwenye machela. Akakaa sakafuni kumshikilia asiyumbe. Hakuna aliyemwambia ashuke tena.

Makwaiya alikuwa amegandia usukani. "Mama Siwema, sioni mwendo. Kile kioo cha kompyuta kina nailoni."

"Ibandue."

"Nitaibandu..." Mkono ukamgoma. Nikaibandua mwenyewe, shwaa, na taa ndogo zikawaka zote.

*

Gari lile linakwenda. Sitalisingizia. Mheshimiwa alisema kweli mengi kuhusu gari lile, shida ilikuwa alikuwa bado anayasema.

Na hatukwenda peke yetu. Mgeni rasmi kwetu haachwi akasafiri bila msafara. Pikipiki za polisi zikatangulia, ving'ora vinalia, magari yanatupisha hadi kwenye mitaro. Nyuma yetu yakafuata magari yote ya Wizara na basi la bendi, na mwisho kabisa, kwa sababu cheo chake sasa kilikuwa pale, Mheshimiwa Waziri, anakula vumbi la wote. Kila tulipopita watu walitoka nje wakinusa. Kijiji kimoja nilimwona mzee amesimama barabarani na sahani.

Ndani, Siwema alikuwa amenishika kidole gumba hata sikihisi tena.

"Mama, tumefika?"

"Bado kidogo."

"Unanidanganya."

"Ndiyo. Vuta pumzi."

Sista Egidia alikuwa amepiga magoti, mkono wake mmoja uko chini ya shuka, haondoi macho usoni kwa Siwema. Hakusema neno njia nzima ila moja: "Kanyaga, Makwaiya." Makwaiya, ambaye asubuhi alikuwa anaogopa kukaa kwenye kiti, akakanyaga.

Tulipoingia hospitali ya mkoa, Tungaraza alikuwa ameshafungua mlango kabla gari halijasimama. Tukashusha machela, tukakimbia nayo kuelekea upasuaji, pale alipozoea Sista Egidia. Tukakuta kufuli.

"Kumefungwa tangu Jumatatu," akasema mfagiaji. "Limekamilika jengo jipya. Hospitali haiwezi kuwa na majengo mawili ya upasuaji."

"Na jipya liko wapi?"

Lilikuwa mbele yetu. Zuri, vioo vitupu. Ndani unaona taa kubwa za duara, vitanda vya kupanda na kushuka, kompyuta zimepangwa ukutani kama masufuria ya shule, kila kitu kimevaa nailoni. Nje, kwenye benchi, madaktari wawili na muuguzi wamekaa, wameshavaa glavu na kofia, wanatazama chini. Na mlangoni, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, utepe mwekundu.

Mlinzi akasimama akatandaza mikono. Alikuwa mtu mzima, uso wa huruma, na aliona vizuri hali ya Siwema. Lakini aliona na utepe.

"Nisamehe, dada yangu," akasema. "Jengo hili linamsubiri mgeni rasmi."

Nyuma yangu ving'ora vilikuwa ndiyo vinazimwa. Polisi wa pikipiki wakateremka, wakajipanga kulia na kushoto kwangu, wakapiga saluti. Matarumbeta yakaanza kushuka kwenye basi.

Nikamwambia mlinzi, "Nimefika."

Mkasi ulikuwa bado mkononi. Nikakata.

Madaktari waliinuka kwenye benchi kwa pamoja, kama watu walioachiwa kamba. Machela ikaingia, Sista Egidia ubavuni kwake, mlango ukafungwa. Nikasikia nailoni zinachanwa huko ndani, moja baada ya nyingine.

Bwana Mwombeki akaja mbio na karatasi. "Mheshimiwa, kuna risala fupi ya wafanyakazi wa hospitali, kuna kwaya..."

"Kaeni chini," nikasema. "Nyote. Na asiseme mtu."

Wakakaa. Itifaki ni itifaki. Bendi ikakaa na matarumbeta mapajani, Mwanasheria akakaa, Mheshimiwa Dokta Nyambuka akakunjua leso akakalia ukingo wa mtaro. Serikali ilinyamaza. Sikumbuki kama iliwahi kutokea kabla ya hapo. Unasikia mpaka kunguru wanavyotembea juu ya paa.

Tulikaa hivyo muda ambao sitaki kuukumbuka.

Halafu mtoto akalia. Kidogo kwanza, kama paka, kisha kwa hasira. Mlango ukafunguka nusu, Sista Egidia akatoa kichwa, kofia imemkaa upande.

"Wawili," akasema. "Wote wazima."

Bwana Mwombeki akaniangalia, mikono yake iko hewani, na nyuma yake mikono ya Wizara nzima iko hewani, wanasubiri ruhusa ya kupiga makofi. Nikawaacha hivyo hivyo, nikaingia kumwona mwanangu.